Mama alivyoomba apunguziwe siku za viza ya Italia, na mimi nilivyobaki Dar

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa mijini na wa huku kwetu kwenye baridi na vumbi jekundu.

Mimi humu ni mtu wa kupita kimya kimya, nasoma, nacheka, naondoka. Ila wiki hii nimeona nyuzi kama tatu za watu wanaouliza habari za viza ya Ulaya, hasa Italia, na majibu mengine yaliyotolewa ni ya kupotosha. Nikasema ngoja niandike yaliyotukuta mwaka jana, 2014.

Sitaongeza chumvi. Pale nilipochemka mimi mwenyewe nitasema nimechemka, na mtaona sehemu zenyewe si chache.

Mimi ni Muha. Nina duka la vifaa vya ujenzi Kibondo mjini: bati, misumari, saruji, rangi. Mama anaishi Muyama, ambako zamani tulikuwa Wilaya ya Kasulu na sasa tunaitwa Buhigwe. Hilo la wilaya lishikeni, litarudi.

Dada yangu Yustina ni sista. Alipelekwa Italia kwa malezi ya utawa, na hadi mwaka jana alikuwa ametimiza miaka tisa bila kurudi. Siku anaondoka, mama alikuwa amelazwa hospitali ya Kasulu, hana fahamu vizuri. Hawakuagana.

Basi mwanzoni mwa 2014 Yustina akapiga simu kwamba Septemba anaweka nadhiri za daima. Kwa wasio Wakatoliki, hiyo ndiyo siku sista anajifunga moja kwa moja. Kwa mama yangu ilikuwa sawa na harusi ya binti yake. Shirika lao likaruhusu kila mmoja aalike wazazi. Baba alishatangulia, kwa hiyo mwaliko ukaja kwa majina mawili: mama, na mimi wa kumsindikiza.

Mama alikuwa na miaka sitini na nane. Hajawahi kuvuka Kigoma mjini. Nilipomsomea ile barua akasema, "Deo, mwanangu, aliondoka sikumuaga. Nipeleke nimuone siku hiyo."

Hilo tu. Sijawahi kumsikia mama akiniomba kitu kingine.

Nikajitwika kazi. Mimi ndiye niliyesoma ukoo mzima, nina kompyuta dukani, nina modem. Nikajiona ofisa mipango kabisa.

Tukaanza na pasipoti. Sisi wa mpakani mnajua wenyewe, lafudhi yetu na ya jirani zetu wa Burundi haziko mbali, kwa hiyo maswali huwa mengi kidogo. Afisa wa uhamiaji alikuwa mtu mwema, akamuuliza mama babu yake alizikwa wapi. Mama akaanza kutaja makaburi ya ukoo wote, nani kalala upande wa migomba, nani upande wa kijito, nani alihamishwa mvua zilipobomoa ukingo. Alipofika kaburi la tisa afisa akasema, "Mama, inatosha."

Mama hakupenda kukatizwa. Njia nzima analalamika kuwa shangazi yake ameachwa nje ya hesabu.

Cheti cha kuzaliwa hana, tukatumia hati ya kiapo na cheti cha ubatizo. Hapo ndipo wilaya ikarudi. Ubatizo unasema Kasulu, barua ya mtendaji wa kijiji inasema Buhigwe, na kwa mtu asiyejua ni kama watu wawili tofauti. Nikamrudia mtendaji akaongeza mstari kwamba ni kijiji kile kile, wilaya ndiyo imegawanywa. Wa wilaya mpya mliomo humu, msisahau huo mstari.

Sasa viza yenyewe. Italia iko kwenye ule utaratibu wa Schengen, yaani viza moja unaingia nchi nyingi za Ulaya, na masharti yake yanafanana. Fomu. Picha za saizi yao, nyuma kweupe. Barua ya mwaliko ya mwenyeji inayosema utalala wapi na nani atakulisha. Bima ya safari ya kiwango wanachotaka wao. Booking ya ndege, narudia, booking, usilipe tiketi kabla ya viza. Bank statement. Na kikubwa kuliko vyote, uthibitisho kwamba una kitu nyumbani kitakachokurudisha.

Hicho cha mwisho ndicho kinachoua watu.

Kwa mama nikaona ni rahisi. Barua ya mtendaji ilisema ana nyumba, ekari tatu za shamba na ng'ombe wawili. Ikagongwa muhuri, nikaichapa na tafsiri yake, nikaipanga kwenye faili la plastiki. Nikalitazama lile faili nikajipongeza.

Kwenye fomu, siku za kukaa, nikaandika thelathini kwa wote wawili. Kuna mtu humu humu jukwaani aliwahi kuandika kwamba ukiomba kidogo wanakupunguzia zaidi. Mkuu, kama unasoma, tutaonana.

Jumapili kabla ya safari mimi nilikuwa Kibondo, shehena ya saruji imeingia siku hiyo. Kule Muyama wakamuaga mama. Kaka yangu mkubwa, Fidelis, akanipigia kuniambia mambo yamekwenda vizuri, watu wamekula, pombe ya ndizi imetosha, mama ameongea vizuri. Sikuuliza ameongea nini.

Hilo ni kosa ambalo nadhani ni Muha tu angelifanya. Au tuseme ni Muha wa dukani aliyesahau nyumbani wanaishije.

Tukapanda basi la Dar. Siku mbili, na kati ya Kibondo na Nyakanazi barabara ile mnaijua. Mama hakulalamika hata mara moja. Alikuwa anatazama mashamba ya watu na kuyatolea maksi. Kahama aliwanyima maksi wote.

Siku ya miadi ubalozini tukafika mapema. Mama kavaa kitenge kipya na rozari shingoni. Kwenye dirisha alikaa dada mmoja Mtanzania, mtu wa makamo, mpole, na nyuma yake afisa mzungu mwenye miwani anayeuliza, dada anatafsiri.

Wakaanza na alama za vidole. Mama akaweka vidole kwenye kile kimashine, kikagoma. Akafuta, akaweka tena, kikagoma. Dada akampa mafuta apake, kikagoma. Vidole vya mama vimelainishwa na mpini wa jembe tangu akiwa mtoto, havina mistari tena. Mara ya nne ndiyo kikakubali viwili vitatu, dada akaandika maelezo.

"Shikamoo mama, pole," dada akasema. "Umelima sana."

"Marahaba. Nimelima, mwanangu."

Nikaona mambo yanakwenda. Afisa akafungua faili langu zuri, akaikuta barua ya mtendaji.

"Mama, hapa inasema una ekari tatu," dada akatafsiri. "Unalima nini?"

"Maharage na mahindi. Ila shamba si langu tena," mama akajibu. "Nimeligawa."

Wakuu, nilisikia sawasawa lakini kichwa kikakataa kupokea.

"Umeligawa kwa nani?"

"Kwa huyu hapa." Akanionyesha kwa kidevu.

Dada akanitazama. Mimi nikamtazama mama. Ndiyo kwanza nasikia, ndani ya ubalozi wa watu, kwamba nina ekari tatu.

"Na nyumba?"

"Nimempa Fidelis."

"Na ng'ombe?"

"Wajukuu."

Kila jibu likitafsiriwa, yule afisa anaandika. Nikaona tumekwama. Maana kwenye faili kuna barua yenye muhuri inayosema mama ana mali, na mwenye mali amekaa hapo anasema hana kitu. Hapo ama barua ni ya kughushi, ama bibi anahama moja kwa moja.

Acheni niwaeleze, maana wengine hamtoki kwetu. Nyumbani mtu mzima hasafiri mbali akatoka tu. Anaita watoto, wanakula, anaacha neno. Hiki cha fulani, kile cha fulani, ili likimkuta la kumkuta njiani watoto wasishikane mashati. Baba alifanya hivyo alipokwenda kufanyiwa upasuaji hospitali ya Bugando, Mwanza. Nililijua jambo hilo toka utotoni, na sikulikumbuka hata dakika moja nikipanga makaratasi.

Nikajaribu kuingilia. Afisa akainua mkono kidogo, kwa adabu tu, kwamba anataka kumsikia mama.

"Anauliza kwa nini umegawa kila kitu."

"Kwa sababu naenda mbali na mimi ni mzee. Ningewaachia ugomvi?"

"Sasa kama umegawa kila kitu, nini kitakurudisha Tanzania?"

Mama akamtazama yule dada kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Nirudishwe na nini? Nitarudi mwenyewe."

Nikajua imekwisha. Miaka tisa, basi siku mbili, hati ya kiapo, makaburi yote yale, tumefia hapa dirishani. Nilimwonea mama huruma, na hapo hapo nina hasira naye, na kwa sehemu kubwa ni hasira na mimi mwenyewe.

Mama akaendelea, hajaulizwa.

"Halafu sijagawa kila kitu. Mbegu sijagawa."

"Mbegu gani, mama?"

"Mbegu za maharage. Nimezichanganya na majivu, ziko kwenye mtungi, na mtungi najua mimi ulipo. Hawa niliowagawia wangezila." Akanionyesha tena kwa kidevu. "Huyu anauza misumari. Mvua zikianza nani atachagua mbegu? Nitapanda mimi."

Dada akatafsiri. Ilichukua muda, nadhani la majivu lilimpa shida. Afisa akavua miwani.

Halafu mama akauliza yeye. "Hiyo karatasi yenu inatoa siku ngapi?"

"Mmeomba thelathini, mama."

"Thelathini? Nani kasema thelathini?"

Wakuu, macho yote yakaja kwangu.

"Mimi sitaki thelathini," mama akasema. "Mvua itanikuta kwa watu. Nipeni kumi na mbili. Nimuone mtoto wangu akiapa, nikae naye kidogo, nirudi. Hizo nyingine mpeni mtu mwenye nafasi."

Dada akashindwa kujizuia, akacheka kwa kujifunika na karatasi. Alipotafsiri, yule afisa hakucheka, ila alikata ile thelathini kwa kalamu, akaandika namba nyingine juu, akampa mama asaini pembeni. Mama akaandika jina lake la ubatizo, herufi moja moja, sisi sote tunasubiri.

Kisha ikaja zamu yangu, na hapa ndipo ahadi ya ukweli inaponibana.

Nikaulizwa kwa nini nataka siku thelathini. Nikasema kumsindikiza mama. Nikaambiwa mama anakaa kumi na mbili. Nikasema nitabaki kutembea kidogo, niione Roma. Duka nani analiangalia? Nikasema ndugu, liko salama, hata nisipokuwepo linaendelea. Nikalisema kwa kujisifu kabisa. Umeoa? Bado. Na ile bank statement yangu ilikuwa imelala usingizi miezi mitano, ikaamka ghafla mwezi ule.

Sasa niwaambie kile ambacho sikukiandika kwenye cover letter. Kuna rafiki yangu wa sekondari yuko Naples. Alikuwa ameniambia nikifika tuongee, kuna kazi kazi. Sikuwa nimeamua kubaki, naapa. Ila nilikuwa sijaamua kurudi pia. Nilikuwa nimeliacha hilo wazi moyoni, nikiamini hakuna anayeliona.

Tukasubiri majibu kwa mjomba, Tabata. Joto likamtesa mama, akawa anakaa kwenye kivuli cha nyumba ya jirani akichambua mchele wa watu wasiomhusu. Wiki mbili hivi zikapita, tukaitwa.

Pasipoti ya mama ina viza. Siku kumi na tano, wamemwongezea tatu za dharura.

Yangu ina karatasi. Kuna visanduku vingi kwenye ile karatasi, na kilichowekwa alama ni kile kinachosema hawakuridhika kwamba nina nia ya kuondoka kabla ya viza kwisha.

Nikaisoma pale kwenye ngazi mara mbili. Iliniuma, lakini sikuweza kusema wamenionea.

Mama akauliza imesemaje. Nikamwambia, "Wamenikatalia. Na wewe peke yako huwezi kwenda."

"Kwa nini?"

"Mama, hujui lugha, kuna kubadilisha ndege njiani, hujui hata geti ni kitu gani."

"Yustina alikuwa na miaka ishirini na mbili," akasema. "Alisindikizwa na nani?"

Nikaenda kuandaa safari ya mtu mmoja.

Kwa wenye wazee watakaosafiri wenyewe: wakati wa booking omba msaada wa wheelchair hata kama mzee anatembea. Si kwa ajili ya miguu, ni ili awepo mtu wa kumtoa ndege moja na kumfikisha kwenye nyingine. Halafu andika kadi, kwa lugha ya kule anakokwenda, inayosema anaitwa nani, anakwenda wapi, nani anampokea, namba ya simu. Yustina alinitumia maneno ya Kiitaliano kwa email, nikachapa, nikaweka kwenye plastiki, nikamvisha mama shingoni pamoja na rozari.

Uwanja wa ndege walipoleta kile kiti mama akakataa kukalia, akasema yeye si mgonjwa. Akaweka mfuko wake wa karanga juu ya kiti, akatembea pembeni. Nikamwona hivyo hadi walipopinda kona, kijana wa uwanja anasukuma karanga na mama anafuata.

Kesho yake Yustina akapiga. Analia na kucheka pamoja. "Deo, yarashitse," kwamba amefika. "Ameshika uso wangu, amenishika tu. Halafu akauliza nyuma ya nyumba mmepanda nini."

Sherehe yenyewe nimehadithiwa na mama. Anasema walipoanza litania, ile sala ya kuwaita watakatifu kwa majina, Yustina alilala kifudifudi sakafuni, nguo nyeupe, mikono imekunjwa chini ya paji la uso, na mama akaona mtoto wake ameanguka. Akainuka kwenda kumnyanyua. Sista mzee wa Kiitaliano aliyekaa pembeni akamshika mkono, hakuuachia hadi mwisho. Hawakuelewana neno hata moja. Mama anamwita "mwenzangu" hadi leo, na humtumia salamu kila Yustina akipiga.

Siku ya kuondoka waliagana mlangoni. Safari hii waliagana vizuri. Mama hanipi maelezo zaidi ya hapo na mimi siulizi.

Alirudi siku ya kumi na mbili. Siku tatu za dharura hakuzigusa. Nilimpokea Dar, tukapanda basi, akalala karibu njia yote. Tulipofika Muyama mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya vilima, watu wanalima. Hakuingia ndani hata kunywa maji. Akazunguka nyuma ya jiko, akafukua chini ya rundo la kuni kuukuu, akatoa mtungi. Mimi nimezaliwa kwenye hiyo nyumba na sikuwahi kujua pana shimo pale.

Siku mbili baadaye mvua ikanyesha. Nikamkuta shambani na jembe, Fidelis na wanawe pembeni. Na mimi, kama mwenye mali mpya, nikasimama ukingoni nikaanza kushauri. Kwamba ile sehemu ya chini tuiache, nina mpango wa kufyatua matofali.

Mama akanyanyuka, mkono kiunoni.

"Shamba la nani?"

"Mama, si ulinipa? Tena mbele ya wazungu."

"Nilikupa kama nikifa. Nimekufa?"

Fidelis alicheka hadi akakaa chini kwenye matope. Nyumba naye alishanyang'anywa tangu jana yake, alikuwa ananisubiri tu mimi.

Nikavua viatu, nikapewa jembe na mstari wangu wa kupanda. Mbegu alikuwa ananihesabia yeye mwenyewe mkononi, tatu kila shimo, anaangalia nisizidishe.

Nilichojifunza, wakuu. Kabla hujamwandikia mzee barua za mtendaji, kaa naye umuulize ameaga vipi nyumbani na ameahidi nini. Na swali lile la nini kitakurudisha lijibu kwanza wewe mwenyewe, chumbani kwako, kabla ya kuliandika. Mimi nililijibu kwa faili. Mama hakuwa na faili, na yule mtu wa miwani alijua nani kati yetu atarudi.

Mwaka huu Yustina anasema kuna nafasi ya kualikwa tena. Nimeanza kuandaa maombi, na safari hii nimeandika siku kumi. Rafiki wa Naples nimemwambia nakuja kunywa kahawa tu, halafu narudi kupanda.

Wenye uzoefu wa kuomba upya baada ya kukataliwa nipeni mwongozo hapo chini, na mwenye swali la viza aulize, nitajibu ninalolijua. La shamba msiniulize mimi, mwenyewe yupo.